Mpini wa Pembe

Nimemjua Fundi kwa miaka kumi na mmoja, na minane kati ya hiyo niliikaa kwenye stuli upande wake wa kushoto. Mpaka leo nikisikia tupa inakwaruza chuma mahali popote, nageuka kumtafuta. Halafu nakumbuka, nakasirika, naendelea na safari yangu. Watu wa Kharumwa wananiambia nimsamehe, mzee wa watu. Wanaosema hivyo ni wale ambao mikono ya ndugu zao bado inafunga vifungo vya shati.

Mafundi hapa kwetu wapo wa kila namna, wa baiskeli, wa cherehani, wa redio, wa pampu za duarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu. Lakini mtu akisema Fundi bila kuongeza neno, alikuwa anaelekezwa kwenye meza moja tu, meza ya visu iliyotandikwa turubai la bluu. Siku za kawaida meza ilikaa mbele ya karakana yake. Siku za mnada tuliifungasha kwenye gari tukaenda nayo, leo Tinde kwa wafugaji, kesho kutwa kwenye machimbo ya upande wa Geita, kwa wanaapolo, maana ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoitwa huku na ndivyo wanavyojiita.

Mteja akifika, Fundi hakumwonyesha kisu. Alimuuliza kwanza, "Utakata nini?"

Wengine walijibu vizuri: kamba, ngozi, nyama, matawi ya kuezekea. Wengine walicheka, wakaona mzee anajichelewesha na biashara yake mwenyewe. Mwanaapolo mmoja alitujia ametoka shimoni muda huo huo, vumbi limemganda mpaka kwenye kope, akanyoosha kidole kwenye kisu kirefu kuliko vyote.

"Utakata nini?" Fundi akamuuliza.

"Mzee, wewe niuzie tu."

"Nimekuuliza utakata nini."

"Kuna mtu tunagombania mfuko wa mawe. Nataka aniheshimu."

Fundi akashika pembe mbili za turubai, akaifunika meza nzima, saa nne asubuhi, wateja wamejaa. "Leo sina visu," akasema. "Njoo mnada ujao." Kijana alitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Fundi akakaa juu ya stuli yake na kuanza kukata kucha. Mnada uliofuata yule kijana alirudi, na nyuma yake alikuwa mtu mwingine mwenye vumbi kama lake, ndiye yule wa kugombania mawe. Wakanunua kisu kimoja cha kukunja, cha kukatia mkate. Siku ile nilijiona nafanya kazi kwa mtu mkubwa, na sioni aibu kusema hivyo hata sasa, kwa sababu siku ile alikuwa mtu mkubwa kweli.

Nilifikaje kwenye ile stuli? Mume wangu alikwenda machimboni akasema anatafuta mtaji, akapata mke. Mimi nikabaki na Kabula, binti yangu, na beseni la maandazi, nikawa nauza hatua kumi kutoka kwenye meza ya visu. Fundi alikuwa ananunua mawili kila asubuhi na kuyala kimya. Siku moja akasema, bila hata kunitazama, "Mama Kabula, wewe una mdomo. Mimi sina. Njoo ukae hapa na beseni lako." Ni kweli hakuwa nao. Akishauliza lile swali lake moja, maneno yalimwishia, akawa anamtazama mteja mpaka mteja anaona aibu na kuondoka. Basi nikawa mdomo wa Fundi. Alinifundisha jioni baada ya kufunga, na asubuhi nilichofundishwa nilikisema kwa wateja kana kwamba nilizaliwa nacho.

Visu vya kukunja hakuvitengeneza yeye. Alivifuata Mwanza kwa katoni, kazi ya Wachina, na katoni ikifika hakuna kilichopangwa mezani kabla ya kupita mikononi mwake. Alikifungua kisu, akakigonga mgongo kwenye ukingo wa meza mara tatu. Kisu cha kukunja kina loki, kichuma cha ndani kinachozuia ubapa usijifunge wakati unakata. Loki ikiachia hata mara moja, kisu kinakwenda kwenye debe. Kisha aliushika ubapa na kuutikisa kushoto na kulia, na ukicheza, debeni. Mwisho alijipaka mafuta ya kula mkononi na kujaribu kukifungua kwa kidole gumba, kwa kuwa, alisema, mtu wa kazi hana mikono mikavu. Kikishindikana, debeni. Nimeona katoni ambayo nusu yake iliishia humo, na vile vya debeni aliviuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu huku sisi tunakula ugali na mlenda.

"Hiki ni cha kubeba," nilikuwa nawaambia wateja, maneno yake kwa sauti yangu. "Kiwe chepesi. Ubapa usizidi upana wa kiganja chako. Kikae mfukoni ukisahau kwamba unacho mpaka siku unakihitaji. Kama kinakuchoma paja ukipanda pikipiki, kirudishe, nitakupa kingine."

Na kweli nilikuwa nampa kingine.

Visu vya ala, vile visivyokunjwa, vya wachinjaji na wachunaji na watu wenye leseni ya kuwinda, hivyo aliviunda mwenyewe kwa springi za lori. Alizipasha moto mpaka zikawa na rangi ya embe bivu, akazifua, akazichovya kwenye oili chafu, na karakana nzima ikanuka mpaka kesho yake. Kwenye kisu cha namna hii, alinifundisha, usitazame makali. Makali kila mtu anaweza kuyatia kwa jiwe. Usitazame urefu pia, kisu kirefu ni cha kupigia picha, mchunaji anataka ubapa usiozidi kiganja na nusu, wenye tumbo la kuzunguka, usitoboe ngozi. Tazama mkia. Mkia ni chuma kinachoingia ndani ya mpini. Ukifika mwisho wa mpini, kisu ni kimoja. Ukiishia njiani, una vipande viwili vinavyongoja siku yao. Maneno hayo aliyarudia mpaka Kabula, akiwa darasa la tatu, akawa anayasema kwa mwanasesere wake.

Sasa niseme mambo yake mengine, maana mtu si visu tu.

Alikuwa anaogopa damu. Mtu ambaye nusu ya wachinjaji wa wilaya mbili walitumia kazi ya mikono yake hakuweza kumchinja kuku. Sikukuu ya Idd alimwita jirani aje achinje, na yeye akaingia ndani akafunga mlango na kuongeza sauti ya redio. Mke wake, marehemu sasa, alikuwa anamtania mbele yetu wote: "Simba wangu huyo, mwacheni, atazimia." Fundi anacheka mpaka machozi. Alipenda kutaniwa na mke wake na hakupenda kutaniwa na mtu mwingine yeyote.

Alikuwa bahili wa sukari na mkarimu wa kila kitu kilichobaki. Chai yake aliikoroga mwenyewe kwenye kikombe chake cha bati ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, na sukari aliipima kwa ncha ya kisu. Lakini Kabula alipougua homa ya uti wa mgongo, Fundi ndiye aliyefunga meza siku sita na kukaa nami kwenye benchi la hospitali. Hakunifariji hata kwa neno moja. Alikaa tu, akisogeza tasbihi, na muuguzi akadhani ni baba yangu. Sikumsahihisha. Tangu hapo nilimwamkia kwa kupiga goti, kama ninavyomwamkia baba, na yeye aliitikia "Marahaba, ng'wanone," akilivunja lile neno la Kisukuma, mwanangu, kwa ulimi wake wa Kiswahili cha mjini.

Hakuvumilia uongo wa mwingine. Mwuza asali mmoja aliwahi kuweka meza yake karibu na yetu, na Fundi aligundua kwamba asali ina sukari guru ndani. Alisimama, yeye asiye na mdomo, akasema mbele ya mnada mzima wa Tinde, "Hii si asali." Yule mtu alihama kabla ya adhuhuri. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi mno, na kila mara linaniuma mahali papya.

Maana mipini ilikuwa ya aina mbili. Mipini ya mbao ilikuwa ya vibao viwili vilivyobana mkia katikati, kwa hiyo mkia uliuona kwa macho, mstari wa chuma umeuzunguka mpini wote. Halafu palikuwa na mipini ya pembe ya ng'ombe. Ile ilikuwa mizuri sana. Pembe ilitobolewa katikati, mkia ukaingizwa ndani, na kwa chini ikafungwa kofia ya shaba. Mkia hauonekani. Wateja waliipenda mipini ya pembe kuliko chochote, hasa machimbo yalipochangamka na watu wenye fedha za haraka wakawa wanataka kitu cha kuning'iniza kiunoni. Katika miaka yangu mitatu ya mwisho pale, robo tatu ya visu vya ala mezani kwetu vilikuwa vya pembe.

Kwa kawaida ya kazi hii, mpini wa pembe haufunguliwi mbele ya aliyeutengeneza. Kung'oa ile kofia kuchungulia ndani ni kumwambia fundi kwamba ni mwongo, na mteja anayetaka kufanya hivyo anunue kwanza aondoke nacho. Kila mtu kwenye biashara hii anajua. Kwa hiyo mteja aliniuliza mimi, "Mama Kabula, mkia umefika mwisho?" Nami nikajibu, "Umefika mwisho, umekunjwa chini ya shaba." Nilijuaje? Fundi alikuwa ameniambia.

Mara moja nilimuuliza. Ilikuwa Tinde, mwaka mmoja kabla ya mambo kuharibika. Nilikuwa nimeona springi zimekaa karakanani wiki tatu bila kupungua, na visu vya pembe vinaongezeka. Nikasema, kwa sauti ya utani, "Fundi, tufungue kimoja, nami nione ndani." Akakusanya visu vyote vya pembe, akavitia kwenye gunia, na kwa minada miwili mfululizo hakusema nami neno. Maandazi aliyanunua kwa mtu mwingine. Mnada wa tatu aliponiitikia shikamoo yangu nilifurahi kupita kiasi, na sikuuliza tena. Hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo ninapoliandika.

Mdogo wangu Ngassa alipata kazi ya uchunaji kwenye kambi ya uwindaji, huko kwenye mapori ya magharibi, kambi ya watu wenye vibali wanaolipa kuja kuwinda. Kwetu ilikuwa sherehe. Alikuwa amechuna ng'ombe machinjioni tangu ujana wake, ngozi inatoka mkononi mwake nzima, bila tundu, na sasa kuna mtu ameliona hilo na yuko tayari kumlipa kwa mwezi. Sharti lilikuwa moja, kila mchunaji aje na visu vyake viwili, cha mfukoni na cha ala.

Alikuja mezani kwangu amevaa shati jipya. "Dada, wewe ndiye unayejua. Nichagulie."

Nilimchagulia cha mfukoni kwa saa nzima. Niligonga mgongo mezani, nikatikisa, nikajipaka mafuta, nikakataa vinne. Ngassa alikuwa anacheka, anasema, "Dada, utadhani unaninunulia mke." Cha ala nilichukua cha mpini wa pembe, cheusi chenye mawimbi meupe, kizuri kuliko vyote vilivyokuwapo. Alikishika, akakizungusha, akauliza swali lile lile ambalo kila mtu huuliza. Nami nikajibu jibu lile lile. Fundi alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwetu, ananoa. Alimjua Ngassa. Alikuwa amekula kwenye harusi yake. Hakuinua kichwa.

Kisu cha kukunja bado anacho, hakijawahi kumsumbua.

Cha pembe kilivunjika wiki ya tano. Walikuwa wanachuna nyati, na Ngassa alikuwa anasukuma chini ya ngozi ya shingo, mahali ambapo ngozi ni nene, ubapa ukakatikia mpinini. Mkono uliokuwa unasukuma kwa nguvu zote ukateremka juu ya makali. Walimfunga pale porini, wakamsafirisha siku nzima. Hospitalini walimshona vizuri walivyoweza, lakini kano zilikuwa zimekatika. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki. Kambi ilimpa pole na nauli.

Dereva wa kambi ndiye aliyeniletea mpini, kwenye mfuko wa sandarusi, kwa sababu Ngassa alimwagiza. Nilikaa nao juu ya mapaja kwa muda. Kisha nikachukua nyundo nikaupasua. Ndani ya pembe palikuwa na mkia wa urefu wa pingili moja ya kidole changu, na kwenye mkia huo palikuwa pamechomelewa kipande cha nondo, nondo ya kujengea nyumba, iliyonyooka mpaka kwenye kofia ya shaba ili kisu kiwe na uzito na kisitoe sauti ya kitu kitupu. Mtu alikuwa amefikiri sana juu ya jambo lile.

Nilimkuta karakanani. Nilivitandaza vipande mbele yake bila kumwamkia.

Alivitazama. Akanywa chai yake. "Kimevunjikia wapi?"

"Unapaona."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anachuna, Fundi. Nilimuuzia kisu cha kuchuna, akakichunia."

"Labda alikitumia kama mtaimbo. Vijana wana nguvu za kijinga."

Nikamwambia, "Vidole vitatu." Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, taratibu, kama anayemweleza mtu bei, "Springi zimekuwa adimu, mwanangu. Pembe inapendwa. Vingi havijavunjika."

"Mimi niliwaambia watu kwamba mkia umefika mwisho."

"Ndiyo," akasema. "Uliwaambia vizuri."

Nimewahi kuachwa na mume, na nilidhani najua maana ya kutupwa na mtu. Nilikuwa sijajua. Mume wangu alikuwa mwongo na kila mtu alijua ni mwongo, hata mama yake. Huyu alikuwa ametupa nusu katoni debeni kwa ajili ya loki za Wachina. Alikuwa mkali kwa kazi ya kila mtu isipokuwa yake, na ile ya kwake akaifunika kwa mdomo wangu. Nililia pale pale karakanani, kwa hasira, makamasi na yote, naye akaniletea kitambaa.

Mwezi haukuisha akawa amefungasha kila kitu akahamia Songwa, kwa binti yake, karibu na mgodi wa almasi. Mimi nikaenda Tinde peke yangu, bila meza, nikawa nawatafuta watu niliowauzia visu vya pembe. Nilimkuta mmoja, wa pili, wa tano. "Kirudishe," nikawaambia, "ndani ni nondo." Wengine waliapa kwamba kisu chao kina miaka mitatu na hakijawasumbua. Mmoja aliniambia nimegombana na mzee juu ya mgao, sasa namchafua. Aliyenishukuru alikuwa mmoja tu, na yeye alikuwa amelewa.

Ngassa aliniuliza mara moja. Tulikuwa uani kwake, mkono umekaa juu ya goti kama kitu alichoazimwa.

"Dada, ulijua?"

"Sikujua."

"Miaka minane umekaa pale. Unavishika kila siku. Hukujua?"

"Haki ya Mungu sikujua, Ngassa."

Alitazama pembeni. "Basi yeye aje aniambie. Akisema kwa mdomo wake kwamba wewe hukujua, nitaamini. Bila hivyo, sijui."

Tangu siku hiyo, nikifika kwa mdogo wangu, mke wake ananitolea kile kiti cha plastiki chenye mikono ambacho wanakiweka kwa wageni. Zamani nilikuwa napitiliza jikoni nafunua sufuria. Sasa nakaa kwenye kiti, naletewa soda, naulizwa habari za safari, na nyumba yangu iko mwendo wa dakika ishirini. Mama yetu ameacha kuuliza kuna nini. Ngassa hana ubaya, hajawahi kunipandishia sauti. Ananikaribisha vizuri mno.

Nilikwenda Songwa mwaka huu, baada ya mavuno. Ilinichukua miaka miwili kumeza kiburi changu, na siku nzima ya mabasi.

Fundi alikuwa amekaa barazani kwa binti yake, macho yameingia ukungu, mikono imetulia. Alinitambua kwa sauti kabla sijafika. Niliapa njiani kwamba sitapiga goti. Nilipiga. Magoti yalijipigia yenyewe.

"Marahaba, ng'wanone! Marahaba! Kabula hajambo? Yuko darasa la ngapi?"

Kichwa kilikuwa kizima. Alinitajia wateja mmoja mmoja, nani alinunua nini, mnada gani. Alimkumbuka mwuza asali. Binti yake akaleta chai, Fundi akamwagiza anitilie sukari nyingi. Nilimwacha aongee, kwa sababu nilikuwa na hamu naye, na nilijichukia kwa hilo nikiwa hapo hapo nimekaa. Kisha nikamwambia kilichonileta.

"Sikuja kugombana, mzee. Nataka neno moja tu. Umwambie Ngassa kwamba mimi sikujua."

"Ngassa wa mkono?"

"Huyo huyo."

"Mpigie," akasema mara moja. "Mpigie sasa hivi. Kwa nini hukuja siku zote hizi?"

Nilitafuta namba. Ngassa alipokea kwenye mlio wa nne. Nikamwambia niko Songwa, niko na Fundi, anataka kumsalimu. Akasema, "Haya." Nikaweka spika, nikaishika simu mbele ya mdomo wa mzee.

"Ngassa mwanangu. Pole sana. Mkono unaendeleaje?"

"Upo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikilize, mimi ni mtu mzima, nakaribia kuondoka. Dada yako usimlaumu. Unanisikia? Huyu mtoto alikuwa fundi kunishinda mimi. Hakuna kisu kilichotoka kwenye meza ile asichokijua, ndani na nje."

Nilivuta simu. Aliushika mkono wangu, akiamini kilio kimenishinda, akausogeza tena karibu na mdomo wake.

"Ndani na nje?" Ngassa akauliza.

"Wallahi. Hata mimi nilikuwa namuuliza yeye. Ana macho ya chuma. Mtu wa namna hiyo humlaumu, unamshukuru Mungu kwamba ni ndugu yako."

"Nimekusikia, mzee," Ngassa akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Asante. Ndicho nilichotaka kusikia." Simu ikakatika.

Fundi alijiegemeza ukutani. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyelipa fadhila. "Umeona? Nimekusafisha."

"Fundi," nikasema. "Kwa nini hukumwambia ulichomelea nondo?"

"Ah," akasema, akipunga mkono. "Hayo ni mambo ya kiufundi. Asingeelewa."

Nilimtazama usoni, nikitafuta kama amefanya makusudi. Nilitafuta kwa muda mrefu. Macho yenye ukungu hayakunipa kitu, na yeye aliyafumba, akawa anasikiliza kuku uani. Nilimpigia Ngassa tena. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na safari hii sauti ya mwanamke ikaniambia kwamba namba niliyopiga haipatikani.

Binti yake alitoka na jagi la maji na beseni, akasema chakula kiko tayari, nisiondoke na njaa, mzee hajapata mgeni kwa miezi. Fundi alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yake kunawishwa, na aliniuliza kama mdogo wangu amefurahi.

"Amefurahi," nikamwambia, nikanyoosha mikono yangu nami.